Ukurasa wa msiba ambao ndugu hawakuufungua

Saa saba mchana, umeme unarudi Panda. Clémentine Numbi anaacha bukari yake, ugali wa huku, mezani, ananawa vidole haraka na kukimbilia kompyuta. Katika mtaa huu wa makambi ya wafanyakazi wa shaba, umeme hauna adabu ya kumngoja mtu amalize kula.

Mteja amesimama mlangoni akiwa na picha ndogo ya baba yake, aliyefariki jana. Anataka tangazo la kifo. Clémentine anaiingiza picha kwenye mashine, anaizungushia mpaka mweusi, kisha anaanza kuandika: familia ya upande wa baba, ya upande wa mama, wakwe, marafiki. Halafu anauliza jambo ambalo zamani hakuwa akiuliza.

"Bandugu ya mbali, beko na telefone ya namna gani?"

Mteja anashangaa. Amekuja kutafuta karatasi, na huyu mama anamuuliza habari za simu. Clémentine haoni haja ya kueleza. Anangoja jibu tu.

Ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na miwili kazi yake ni hii: kuchapa, kutoa nakala, kutengeneza kadi za harusi na matangazo ya vifo. Siku nzuri hupata kazi nne au tano. Wiki nyingine hapati hata moja, "na hauwezi kuomba batu bakufe juu weye ukule," anasema, akicheka kwa namna ya mtu aliyezoea kucheka bila mwenzake.

Hana mume wala mtoto. Aliishi na mama yake, Fidélie, katika vyumba viwili ambavyo marehemu baba yake aliviacha. Mwaka jana mama naye akafariki.

Mtu akifa Panda, tangazo lake hubandikwa kwenye ukuta wa parokia na kwenye nguzo za njiani. Nakala nyingine hupewa mtu anayesafiri, azifikishe kwa ndugu wa Kambove, wa Mwadingusha, popote walipo. Clémentine amewafanyia hivyo watu wengi mno. Ilipofika zamu ya mama yake, alikataa.

"Nilisema, mama yangu hapana kwenda pa ukuta na mvua. Nitamufanyia site, batu bashangae."

Alikuwa ameona mtandaoni programu ya kutengeneza tovuti kwa kuburuta picha na kuziweka unapotaka. Siku ile ya msiba, macho yamevimba, aliketi akaziburuta kweli. Picha za mama zikawa zinapishana, mishumaa inawaka, kwaya inaimba yenyewe mara ukurasa unapofunguka. Kisha akawatumia ndugu wote kiungo cha ukurasa huo. Kiungo kitupu, bila neno hata moja pembeni. Alitaka ukurasa wenyewe useme.

Akakodi turubai na viti. Akina mama wa parokia walikuja, majirani walikuja, wakaimba na kulia naye. Lakini viti vya upande wa mama, vya wale wanaotakiwa kuwa wa kwanza kulia, havikupata mtu. Mazishi yakafanyika hivyo hivyo.

"Mama nilimulia kidogo," anasema. "Nilijililia minye mwenyewe zaidi. Nilizania batu ya kwetu balishaniacha."

Hasira zikampanda, akafuta namba zao zote kwenye simu. Waliokuwa kimya wakanyamaziwa. Kwa wiki sita nzima mtu pekee aliyezungumza naye ndani ya nyumba ile alikuwa mteja.

Ndipo akaja Jimmy. Ni binamu yake mdogo, mchimbaji wa Kambove, na alifika na mfuko wa viazi vitamu begani. Hakuketi. Alisimama uani akaangaza huku na huku, akamwita yaya, dada mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, mama eko wapi? Nilimuletea viazi yake."

Clémentine alidhani anadhihakiwa. Alimtolea maneno ambayo hataki yaandikwe gazetini, akamwonyesha njia. Jimmy naye, badala ya kuondoka, akatoa simu na kumwonyesha ujumbe aliotumiwa siku ile: ukurasa mweupe, na katikati kiduara kinachozunguka bila kufika.

"Ilikatala kufunguka," anasimulia Jimmy kwa simu kutoka Kambove. "Mega yangu ya internet ya siku mbili iliisha palepale. Nilizania ni publicité, tangazo ya kazi yake, basi nikaacha. Kama angeandika paka neno moja tu, 'mama alikufa', ningekuya na miguu."

Ikawa ndiyo hadithi ya karibu wote. Mama mdogo wa Mwadingusha hata kiduara hakukiona. Simu yake ni ya vitufe, inajua kupiga na kupokea tu. Programu haikuwa na kosa, ilifanya kama ilivyoagizwa. Clémentine ndiye aliyepakia picha, kwaya na mishumaa kwenye ukurasa uliopaswa kufunguliwa na watu wanaonunua mega za siku moja moja.

Siku ile yeye na Jimmy walikaa chini uani wakamlia Fidélie upya, mfuko wa viazi ukiwa kati yao. Kwa Clémentine, kilio cha mama yake kilianza hapo.

Baada ya hapo alitaka kujifunza kutengeneza tovuti kwa dhati, ila aanze na programu ipi? Ghislain, anayefundisha kompyuta mjini kati, alimpa jibu kabla hajamaliza swali.

"Mama Clémentine, commence na WordPress, ile iko na site nusu tayari. Kazi iko paka kule tu. Hoteli, butiki, masomo ya batoto, bote banaomba ile. HTML ya kuandika na mukono, c'est bien, ni muzuri, lakini client hatakungojea."

Clémentine anakiri kwamba Ghislain anasema kweli. Mwenye duka la dawa alikuja kumwomba tovuti, yeye akashindwa, akamwelekeza kwa wanafunzi wa Ghislain. Hata hivyo alichagua kuanza na HTML, lugha ya alama zinazojenga ukurasa, na programu yake ni Bloc-notes, ile ya kuandikia maneno matupu iliyomo tayari kwenye kompyuta yake. Hufanya kazi mtandao ukiwa umelala. Na hakuna kinachoingia kwenye ukurasa bila yeye kukiandika.

"Kila kitu iko mule, niliweka minye. Kama ukurasa ni muzito, najua kosa ni ya nani."

Kurasa zake za sasa zina jina la marehemu, picha moja ndogo, mahali pa kilio na siku ya maziko. Basi. Anapowatumia ndugu kiungo, huanza kwa kuandika habari yenyewe kwa maneno. Mwenye simu ya vitufe hupigiwa. Karatasi ya ukutani nayo imerudi.

Uamuzi huo una uchungu wake. Darasa la Ghislain limejaa. Watu wanasahihishana, wanataniana, wanagawana mikate. Clémentine anajifunza peke yake, na kitabu alichojichapia. Kuna wakati maandishi yote ya ukurasa yaligeuka makubwa kama ya bango, akahangaika siku mbili, kumbe ni alama moja tu hakuifunga.

"Muntu mwengine angeiona mara moja," anasema. "Lakini huyu muntu mwengine, eko wapi?"

Kidole kimoja hakivunji chawa, mwandishi wa habari hizi akamkumbusha. "Iyo," akakubali, "lakini kinafinya touche ya kompyuta." Akacheka. Vyumba ni viwili tu, lakini anasema nyumba imekuwa kubwa mno.

WordPress ataifuata baadaye, na kwa Ghislain atakwenda, hajakataa. Kabla ya hapo anataka apate mtu mmoja wa kumfundisha hiki kidogo anachokijua.

"Hapa Panda, minye njo naandika kilio ya batu bote," anasema, sasa haangalii tena kioo cha kompyuta. "Siku yangu, nani ataandika? Weka mu gazeti yako kama natafuta muntu. Mukubwa, mutoto, mwanaume, mwanamuke, haina maneno. Hatalipa kitu. Akuye tu, nitamufundisha. Picha yangu ya kilio nilisha kuichagua."