Dozi Isiyoisha ya Bi Kiuno

Wifi yangu akikushonea gauni, usile mpaka ulivue. Ndivyo wateja wanavyosema, na ndiyo maana wakamwita Bi Kiuno. Ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Mimi nakaa meza ya pili ya duka lake. Napiga pasi, nashona vifungo, na mteja akija kudai nguo namwambia, "Iko tayari, bado vifungo tu," na kitambaa hakijakatwa.

Kiungulia kilimpata humo humo kazini. Mchana alikuwa anakula mbiombio, pilipili ya kumtoa mtu machozi, halafu anajikunja juu ya cherehani na sketi yake imembana kuliko za wateja. Moto ukimpanda kifuani anajipiga ngumi na kusema wateja wanamsengenya. Mwishowe muuza dawa wa kona akampa vidonge vya kupunguza asidi tumboni, na akamwambia lile neno tuliloambiwa sote tangu utotoni: usikatishe dozi.

Basi hakukatisha! Pakiti ikiisha, ananunua nyingine. Miaka ikaenda. Ukimuuliza dozi gani hii isiyoisha, anakukata kauli: "Iliyoisha ni pakiti, si dozi. Tumbo si bado ninalo?" Haya, bishana na mtu wa namna hiyo.

Binti yangu alipochumbiwa, Bi Kiuno alisema gauni ni lake, asiingilie mtu. Alikuwa amemwahidi tangu anatambaa. Kitambaa cheupe, lesi mabegani, na mgongoni shanga ndogondogo za kushonwa kwa mkono, moja moja. Shanga ndizo fahari yake. "Cherehani kila mtu anayo," husema. "Mkono ni wangu peke yangu."

Lakini nikaanza kuona mambo. Mtu aliyekuwa akitunga uzi huku anagombana na mteja, sasa analamba uzi, analenga, anakosa, anaitukana sindano. "Sindano za siku hizi zina matundu ya kichoyo!" Shanga zinamponyoka, zinabiringika chini ya meza, naokota mimi. Akanambia vidole vimekufa ganzi, uzee umebisha hodi. Uzee gani, na juzi tu alicheza kwenye sherehe ya watu mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka?

Siku moja nainua macho kutoka kwenye pasi, naona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe.

"Wifi, damu!"

Akatazama kidole chake. Sindano ilikuwa imezama ndani ya nyama, na yeye alikuwa anaendelea kunihadithia habari za jirani. Akaichomoa polepole, akaweka kitambaa mezani.

"Sikusikia," akasema. "Wallahi, wifi, sikusikia kitu."

Sikuwahi kumwona mwanamke yule akiogopa. Siku ile aliogopa, na mimi nikaogopa kumshinda, ila nikajifanya nimekasirika. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa daktari, na ukibisha nakubeba mgongoni."

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mtaratibu. Akamgusa ncha za vidole kwa pamba huku Bi Kiuno amefumba macho. Alimgusa sana, naye akasikia mara chache. Kisha akamuuliza kama kuna dawa anayotumia.

"Hakuna," akajibu wifi yangu, kifua mbele. "Mimi dawa sizipendi."

Nikamgeukia. "Na zile za tumbo?"

"Zile si dawa, jamani. Zile ni kama mswaki."

Daktari akaacha kuandika. "Kama mswaki kwa maana ya kila siku?"

"Kila asubuhi. Niliambiwa nisikatishe dozi."

"Tangu lini, mama?"

Akafikiri. "Mtoto wa jirani alikuwa bado tumboni. Sasa anasoma gazeti."

Daktari alijitahidi asicheke. Mimi sikujitahidi.

Akatueleza kwa upole kwamba neno lile ni la dawa za kuua vijidudu. Hizi za asidi, watu wengi huzitumia kwa muda mfupi, na anayehitaji zaidi huongozwa na daktari. Asidi nayo ina kazi yake, inasaidia kutoa vitamini B12 kwenye nyama, mayai na maziwa. Ukiipunguza miaka na miaka, vitamini hiyo inaweza kushuka, na mishipa ya fahamu ya vidoleni ikalalamika. Hakutaka kubahatisha, akapima damu kwanza. Majibu yakaja vile vile alivyoshuku, akamwandikia sindano za vitamini.

"Maisha yangu yote nadunga," Bi Kiuno akanung'unika, "leo nadungwa mimi."

"Na vidonge usiviache ghafla," daktari akamwonya. "Asidi ikiachiwa kwa mara moja hurudi kwa fujo. Tutapunguza taratibu."

"Vidole vitarudi?"

"Mara nyingi hurudi, mama. Lakini siwezi kukuahidi lini, wala kama vitarudi vyote."

Harusi nayo ilikuwa inakuja mbio.

Kisha yakaja masharti. Ale kidogo kidogo, asilale wala kujikunja akishiba. Apunguze pilipili, vyakula vya mafuta na kahawa, na ajichunguze mwenyewe kipi kinamuunguza. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa. "Na nguo za kubana kiunoni, mama, ziache. Zinaminya tumbo."

Maskini, hakujua anaongea na nani. Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Akarudi nyumbani akafumua sketi zake zote kwa hasira. Asubuhi uji, mchana viazi vya kuchemsha na mboga, katikati ndizi mbivu. "Hiki ni chakula au ni kifungo?" Miguu ya kitanda ya upande wa kichwani ikawekewa matofali, mumewe akalalamika kwamba analala juu na kuamkia chini. Nyanya zilimuunguza, akaziaga kwa huzuni. Kuna siku moto ulirudi, akamlaani daktari na ukoo wake, kisha akaketi wima na kungoja upite. Ukapita. Kidogo kidogo zikapita siku nyingi bila moto, na vidonge vikapungua kama alivyoelekezwa.

Gauni lilikuwa linaning'inia bila shanga. Binti yangu akasema kwa nia njema, "Shangazi, si tununue tu la dukani?" Bi Kiuno akaligeuza gauni, mgongo ukaelekea ukutani. Heri angetukana. Nikajitolea kushona shanga mimi, akaniambia vifungo vya mashati vyenyewe vinanishinda.

Kwanza vidole vilimnyevua, kama sisimizi wanahama. Baadaye tukawa na mchezo wa asubuhi. Anafumba macho, nampa vipande vya vitambaa, yeye anataja. "Pamba. Satini. Lesi. Hii... hii ngozi ya kiatu." Ilikuwa mkono wangu. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa nje akasita kuingia.

Shanga alizishona mwenyewe. Hazikufika idadi aliyokuwa amepanga, na kidole cha mwisho cha kushoto bado kilikuwa kimelala, lakini alizishona.

Siku ya kujaribisha gauni, binti yangu alisimama mbele ya kioo na rafiki zake wamejazana mlangoni. Alikuwa anatania, anajigamba kwamba bibi harusi mtulivu kama yeye hajapata kutokea. Bi Kiuno akapitisha vidole mgongoni kukagua shanga, kutoka shingoni kushuka. Katikati akasimama.

"Unatetemeka," akasema.

"Sitetemeki, shangazi."

"Usinidanganye. Nasikia."

Mtoto akataka kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Naogopa," akasema, machozi yakimtoka. "Naogopa kuondoka nyumbani, shangazi." Mimi mama yake nilikuwa nimesimama pale pale na pini mdomoni, sikuona kitu. Bi Kiuno akawafungia mlango wale rafiki. Akarudisha mkono mgongoni mwake, akauacha pale mpaka mtoto akatulia.