Punda Aliyenyimwa Dhamana

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chumba kinachonuka nazi mbovu. Karani Mkuu, bwana mnene aliyekuwa haachani na kikombe chake cha chai, alinifungulia mlango akanionesha mapanga, baiskeli, mabati, redio, na rundo la nazi za wizi zilizokuwa zikingoja kesi.

"Hivi ndivyo vielelezo," akaniambia. "Kielelezo ni shahidi asiye na mdomo. Kazi yako ni moja tu, bibi: kitoke humu vilevile kilivyoingia."

Nikamuuliza, na nazi je? Akanywa chai yake kwanza.

"Nazi tumwachie Mungu."

Basi nikawa mtunza vielelezo wa mahakama, na nikabaki kuwa hivyo kwa miaka mingi. Si kazi ya kujivunia harusini. Vijana wanaoajiriwa mahakamani siku hizi wanataka kiti na kompyuta, ghala hawalitaki, na mimi siwalaumu. Vumbi lake limenipa kikohozi ambacho daktari ameshachoka kukisikiliza. Lakini vijana haohao huniuliza imekuwaje mimi, Bi. Zuhura wa Mji Mkongwe, nisiyefuga hata kuku, naonekana kwenye mikutano ya watu wanaotaka haki za wanyama ziandikwe katika sheria. Wanadhani nimezeeka nikaanza kupenda wanyama. Sikuanza. Paka namvumilia kwa sababu ya panya. Punda namwogopa tangu utotoni, na mpaka leo nikimwona uchochoroni nampisha yeye kwanza. Sababu yangu ni nyingine, na nimeieleza mara nyingi kwa mdomo hadi nimechoka, ndiyo maana leo naiandika.

Kwanza mfahamu kazi yenyewe. Polisi wakikamata kitu kinachohusu kesi, wanakileta mahakamani, kinapewa nambari, kinaandikwa, kinafungiwa. Kuanzia hapo si cha mlalamikaji wala si cha mshitakiwa. Mwenyewe akitaka kukigusa lazima hakimu aruhusu. Kitu kinachooza, kama samaki, hupigwa picha kikauzwa. Kitu kisichooza hungoja hukumu, hata kama hukumu inachukua miaka. Utaratibu huu ni mzuri na nimeutetea maisha yangu yote. Umewaokoa watu wengi na ushahidi wa kupandikizwa.

Baada ya miaka mingi mjini nilihamishiwa Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja. Mahakama ya kule ilikuwa jengo dogo lenye ua wa mawe nyuma, mimi nikishika ghala pamoja na kaunta ya kupokea maombi, na hakimu wake alikuwa mtu wa swala tano, mpole, mwenye sauti ndogo hata anapofunga watu. Neno lake kubwa lilikuwa "tuahirishe". Shahidi hakuja, tuahirishe. Wakili anaumwa jino, tuahirishe. Ukimlalamikia anakwambia haraka haraka haina baraka, Bi. Zuhura, na kasema kweli.

Asubuhi moja polisi wakaniletea punda.

Alikuwa punda jike, kijivu, mwenye kidonda begani pale gari la kukokota linapomkwaruza. Mlalamikaji, Bwana Makame, mkulima wa mihogo, alisema punda ni wake, alipotea malishoni. Mshitakiwa, Bwana Khatib, mchukuzi wa mchanga na mawe, alisema punda kamnunua kwa halali kwa mtu ambaye sasa amehamia Pemba. Kila mmoja alikuwa na majirani wa kumwapia. Hakimu akaagiza yule muuzaji aitwe kutoka Pemba, na mpaka atakapokuja, punda akae mahakamani kama kielelezo. Bwana Khatib akapewa dhamana, akaenda zake nyumbani. Punda akafungwa kwenye nguzo ya uani.

Siku ile ile nikamfuata Mheshimiwa chumbani kwake.

"Mheshimiwa, huyu punda atakula nini?"

Akainua uso. "Hakuna fungu?"

"Fungu la chakula ni la mahabusu. Vielelezo havina fungu."

"Auzwe basi, kama samaki."

"Samaki anaoza, Mheshimiwa. Huyu mzima. Na akiuzwa, mwenyewe atakayeshinda atapewa nini?"

Akashika ndevu zake. "Tutazame kwanza," akasema.

Tukatazama. Aliyetuokoa siku za mwanzo ni mshitakiwa mwenyewe. Bwana Khatib alikuwa akija kila asubuhi na mzigo wa majani kichwani na ndoo ya maji, anamlisha punda, anamsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, anaondoka. Askari wa lango, kijana mcheshi, alikuwa akimtania: "Shukrani ya punda mateke, Bwana Khatib!" Naye humjibu, "Huyu hana hata mateke, maskini, hebu mtazame." Na kweli, sikuwahi kumwona yule punda akiinua mguu kumpiga mtu.

Kesi ilipotajwa tena, Bwana Makame akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani hilo alilifikiri kwa siku nyingi.

"Mheshimiwa, mie nna ombi. Huyu mtu anamlisha punda kila siku. Kesho mkisema punda afunguliwe tuone anamfuata nani, atamfuata anayemlisha. Huko si kuharibu ushahidi huko?"

Watu wakacheka, lakini hakimu hakucheka, wala mimi sikucheka. Kwetu shamba mambo ya ng'ombe na punda yamewahi kuamuliwa hivyo, mbele ya sheha na wazee: mnyama anaachiwa katikati, anatazamwa anakwenda kwa nani. Ombi la Bwana Makame lilikuwa na akili, na kisheria lilikuwa sawa kabisa. Hakimu akaamuru kwamba mlalamikaji na mshitakiwa, wote wawili, wasimkaribie punda mpaka hukumu.

Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Uani kwetu hata hizo nyasi hazikuwapo.

Basi tukabaki watumishi. Mimi nikileta pumba na maganda ya ndizi, askari akileta majani akipata nafasi, mfagizi akijaza maji pipa. Sisemi tulikuwa watu wabaya. Tulimhurumia sana yule punda, kila anayepita alisema "maskini", na Mheshimiwa mwenyewe siku moja nilimkuta kasimama dirishani anamtazama. Lakini huruma ya ofisini ina likizo, ina mafua, ina mtoto anayeumwa. Siku nyingine alikula mara tatu, kila mtu kamletea. Siku nyingine hakuletewa kitu. Mbavu zikaanza kuhesabika na kidonda kikaanza kutoa usaha.

Nikamwita bwana mifugo wa wilaya. Akaja, akamtazama, akatoa dawa mkobani, halafu akasita.

"Nani mwenyewe atakayenitilia saini? Namchoma sindano mnyama wa mtu, akifa naambiwa nimemuua."

"Mwenyewe ndiye anayetafutwa na kesi," nikamwambia.

"Basi hakimu atie saini."

Nikaenda kwa Mheshimiwa. Akasema hawezi kutia saini kwa niaba ya upande wowote, na ombi la matibabu lazima liletwe na mwenye kesi. Nikamwambia mlalamikaji na mshitakiwa wote wawili wameamriwa wasimkaribie. Akasema basi lile ombi halina mwenye kulileta. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa masikitiko, na nikajua kwamba alikuwa keshaligeuza jambo lile kila upande kabla mimi sijaingia.

"Dini ishasema mnyama ana haki zake, Bi. Zuhura. Mie na wewe tushafundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo."

"Dini ishasema, Mheshimiwa. Lakini mie kwenye kaunta yangu napokea ombi la nani?"

Akavuta jalada jingine. Bwana mifugo akarudisha dawa mkobani akaondoka. Kumbukeni kwamba hapo sote tulikuwa tukimtakia kheri yule punda: hakimu, bwana mifugo, mimi, askari. Hapakuwa na adui yake hata mmoja. Nimeona kesi nyingi za watu wakatili, na sheria ya kumshitaki anayempiga mnyama ipo. Kesi hii haikuwa na mkatili wa kumshitaki.

Ikafika Idi. Ofisi za serikali hufungwa siku kadhaa, kama mnavyojua. Kabla sijaondoka kuja mjini nilijaza pipa, nikaweka pumba, nikamwambia askari amtazame. Akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, Bi. Zuhura, mie nipo." Na kweli alikuwepo, mpaka mkuu wake alipombadilisha lindo akaletwa mwingine asiyeijua kesi. Huyo aliambiwa jambo moja: kuna kielelezo uani, na kwa amri ya mahakama Makame na Khatib wasikikaribie. Akalinda vizuri sana.

Tuliporudi kazini punda alikuwa amelala ubavu kwenye mawe, pipa limepinduka, kamba imemzunguka mguu. Alikuwa kafa tangu jana yake.

Nilimuuliza yule askari mgeni kama hakusikia kitu. Akasema alisikia, punda alilia sana Idi mosi, halafu akanyamaza. "Akaja mmoja na ndoo ya maji. Khatib, kaniambia jina lake. Nkamrudisha. Idi pili akaja mwingine, kavaa kanzu mpya, kabeba majani. Nkamuuliza jina, kasema Makame. Nkamrudisha na huyo." Alikuwa akinitazama machoni, kijana wa watu, anangoja nimsifu kwa kutii amri. Nililia mbele yake, mimi ninayeogopa punda, na yeye akadhani nalilia kazi yangu.

Hukumu ilitoka baadaye. Muuzaji wa Pemba hakuja hata mara moja. Hakimu akaona kwamba Bwana Khatib alinunua kwa nia njema, akamwachia huru. Na kwamba punda alikuwa mali ya Bwana Makame, arejeshewe. Alisoma kwa sauti yake ileile ndogo. Alipofika kwenye "arejeshewe" alitazama upande wa uani, kisha akasoma mpaka mwisho, kwa sababu hukumu lazima isomwe. Bwana Khatib akamfuata Bwana Makame nje, wakapeana mikono. Watu wa Mkokotoni wanasema tangu siku ile hawakugombana tena.

Kutoka pale nilirudishwa mjini, kwenye kaunta ya maombi, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Nikaanza kuwasikia watu ambao zamani nisingewasikia. Alikuja mtembezaji wageni wa msitu wa Jozani, kakunja kofia mkononi, akaniuliza: "Gari ikimgonga mbuzi, mwenye mbuzi anakuja juu. Ikimgonga kima punju wa msituni, nani anakuja juu?" Nikamwelekeza idara inayohusika. Akasema keshatoka huko. Akaja mwalimu wa kike aliyeona ng'ombe wa kukokota gari ameanguka Darajani, mwenyewe kaenda kunywa kahawa. Hawa hawakuwa watu wa maajabu wala hawakutumwa na wazungu, kama wanavyosemwa. Kila mmoja alikuwa ameshawahi kusimama mahali ambapo huruma anayo na ruhusa hana. Nimeona watu wengi wakiingia katika jambo hili kwa mlango huo huo. Wachache wameingia kwa mapenzi.

Sasa nimestaafu. Nimechoka, na sioni aibu kusema. Mikutano ni mingi, chai ni ya rangi, na kila mara lazima mtu ainuke aseme binadamu wenyewe hawajapata haki zao, mnataka kumpa punda. Simbishii tena. Namwambia mimi siombi punda apige kura. Naomba awepo mtu mmoja, kwa jina na kwa cheo, ambaye sheria inamtambua anaposimama mbele ya hakimu na kusema: Mheshimiwa, huyu ana kiu.

Mkutano wa mwisho niliokwenda ulikuwa katika ukumbi wa skuli, hapahapa Mji Mkongwe. Wakili kijana, binti mwenye adabu, alikuwa akikusanya maoni ya watu. Yule wa binadamu-hawajapata-haki alikuwa keshasema na watu walikuwa wanacheka bado, pale mzee mmoja wa safu ya nyuma alipoinua mkono. Nilimjua kabla hajasimama vizuri. Alikuwa Bwana Makame.

"Mie nnatoka Mkokotoni," akasema. "Nlikuwa na kesi ya punda. Nataka sheria hiyo iwepo."

"Shikamoo, mzee," wakili akamwambia. "Tueleze, ulidhulumiwa vipi?"

"Marahaba. Sikudhulumiwa, mwanangu. Nliomba, mahakama ikanipa nlichoomba. Nlishinda."

Akakaa. Wakili alisubiri aendelee, kalamu mkononi, lakini Bwana Makame alikuwa keshamaliza.