Nyangi na Somo la Kuhesabu

Kwa miaka saba darasa la awali la shule moja jirani na kijiji cha Kewanja, penye mgodi wa dhahabu, lilisimama juu ya mabega ya Nyangi. Yeye ndiye aliyewapokea watoto asubuhi, akawafuta kamasi, akawafundisha irabu, akawatoa kwenye Kikurya na kuwaingiza kwenye Kiswahili bila kuwatisha. Kwenye orodha ya ofisi alikuwa mhudumu tu, na walimu walimwita Mama Erasto. Wanawake wa namna hii wamejaa nchi nzima, nasi tumezoea kuwashukuru kwa maneno matamu ili tusiwape haki yao.

Nyangi alichoka kushukuriwa. Likizo zote alizimalizia chuoni, akisomea astashahada ya ualimu wa awali. Mwisho likabaki jambo moja: kufundisha mbele ya mtahini. Mwaka uliopita aliangushwa hapo. Mtahini wa wakati ule alimwambia anafundisha kienyeji, hafuati andalio la somo. Akianguka mara ya pili angelazimika kuanza kozi upya, na hakuwa na uwezo huo. Kwa hiyo safari hii aliapa kutotoka nje ya andalio hata kwa neno moja.

Asubuhi ya mtihani mtahini mpya, mkufunzi Selestine, alikaa nyuma ya darasa, kalamu mkononi. Nyangi akawapanga watoto watano mbele, kama andalio lilivyoelekeza.

"Tabitha, wanyooshee kidole, utuhesabie wako wangapi."

Tabitha, ambaye kwa kuhesabu hakuwa na mpinzani, aliificha mikono mgongoni.

"Sitaki, mwalimu. Bibi amesema watakufa."

Mmoja wa wale watano akaanza kulia, na mwenzake akakimbilia kiti chake.

Katika boma la baba yake Nyangi, watu na ng'ombe hawakuhesabiwa kwa kidole, aliyejaribu alichapwa. Alilijua hilo tangu utotoni, lakini hofu ya kuonekana wa kienyeji ilikuwa imemziba macho. Kule nyuma kalamu ya Selestine ilikuwa ikikimbia.

Angeweza kumlazimisha mtoto. Andalio lilimruhusu. Alilikunja, akaliweka mezani.

"Haya, wanangu, tokeni nje. Kila mtu aniletee jiwe moja. Dogo! Sitaki mtu aniletee mwamba wa mgodini."

Wakacheka, wakatoka mbio, wakarudi na mawe, wakayatumbukiza kwenye beseni. Kisha Tabitha akayahesabu moja baada ya jingine, darasa zima likimwitikia kwa kelele, hata mwalimu mkuu Hezekia akachungulia mlangoni.

"Mama Erasto, kulikoni? Usiniambie umeharibu tena!"

Nyangi akampungia mkono, akaendelea na watoto.

Watoto walipokwenda mapumziko, Selestine alimsogelea.

"Andalio lilisema watoto. Mawe yametoka wapi?"

"Yametoka uwanjani, mwalimu."

Selestine alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Niliandika nilichodhani mnataka kukiona," Nyangi akasema. "Kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole. Nilijua, nikajitia kusahau."

"Hata kwetu Karagwe ni hivyo hivyo. Bibi yangu angekufukuza na mwiko." Akafunga kalamu yake. "Alama za andalio nakukata, na unastahili. Za kufundisha nakupa zote. Umefaulu, mama."

"Unasemaje?"

"Umefaulu."

Nyangi alijitupa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Watoto wakajaa dirishani.

"Mwalimu analia!"

"Wewe huoni? Anacheka!"

"Analia!"

Wakabishana mpaka kengele ikagongwa, na Nyangi hakuwaamulia.