Wananiita muuaji kwa sababu ya kopo la msalani

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu yaache yalivyo. Naandika kwa kidole kimoja. Shule niliishia darasa la tatu, ila akili ninayo kuliko wengi humu wenye vyeti vya ukutani.

Umri wangu miaka sabini na tisa. Nimeokoka kipindupindu kilichofagia mtaa wetu kule Tanga. Nimezika wake wawili. Hata daktari aliyeniambia moyo wangu hautamaliza mwaka, nimemzika, na koleo nilishika mwenyewe. Muwa bado namenya kwa meno. Zile dawa za rangi mbili nimezimeza tangu ujana: nikikohoa mbili, tumbo likikoroga mbili, nikipata nafuu naacha, zinazobaki naziweka akiba. Hiyo ndiyo siri ya uzima wangu, wala sijaambiwa na mtu.

Naishi Carrollton, huku Amerika, kwa mwanangu. Mwaka huu wa 2019, baada ya Idi, nilipasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Dallas. Walianza kwa kunichukua kipimo cha nyuma, kwa kijiti, aibu tupu. Kesho yake naona bango la manjano mlangoni, na kila anayeingia kavaa gauni na glavu kama anakwenda kumwogesha mamba. Mkwe wangu Saida ni msaidizi wa wauguzi, ndiye akanieleza.

"Baba, huumwi. Ila tumboni mwako wamo wadudu ambao dawa haziwaui. Usitoke chumbani, na vitu vyako vya chooni asiguse mtu."

"Kama dawa haziwawezi, basi wamemrithi mwenye tumbo," nikamwambia. Hakucheka. Yule mtoto hajui mzaha.

Sasa sikilizeni. Vyumba viwili kutoka changu alilazwa Hamadi, mzee wa Mombasa. Tumejuana tangu nifike Amerika, na maiti za jamaa zetu huku tumeziosha pamoja, mimi kichwani yeye miguuni. Anakaa Houston kwa mwanawe Twaha, lakini alikuwa amekuja kutembea Arlington mkojo ukamfunga. Wakampasua tezi dume, wakamwekea mpira wa mkojo.

Sisi wazee wa pwani karatasi hatuijui. Vyoo vya hospitali havina maji ya kujisafishia, ndiyo maana mimi nilikwenda na kopo langu la plastiki, lenye mdomo mrefu, la kumwagilia maua. Hamadi hakuwa nalo. Mkewe akaja kubisha kwangu, bango analiona, gauni hakuvaa.

"Shemeji, mwenzio analia. Anasema ana najisi, sala haimpandi. Niazime hilo kopo."

Nikalisuuza, nikampa. Akawa analichukua na kulirudisha kila siku hadi Hamadi aliporuhusiwa. Na nyinyi mngefanya nini? Mngemwacha mtu mzima akae na uchafu wake?

Alipofika Houston homa ikampanda. Wadudu wamepita kwenye mkojo wakaingia damuni. Wakambadilishia dawa, hii haikufaa, ile haikufaa, sasa figo zimekata tamaa. Twaha, ambaye alikuwa akiniita Ami, alipomuuliza baba yake akasikia habari ya kopo. Akanipigia simu.

"Wewe mzee, mavi yako yanamuua baba yangu."

Akapanda gari, saa nne nzima za ku-drive, akaja kulisema hilo msikitini kwetu Richardson baada ya Ijumaa, mbele ya watu. Tangu siku hiyo nikikaa kwenye sinia, watu wanakumbuka wana shughuli. Mmoja alinisukumia bakuli langu peke yangu kwa ncha ya kidole. Mjukuu wangu naye, niliyembeba mgongoni, ananiambia, "Babu, don't touch my cup."

Mimi nilisimama imara. Saida alipoulizia kwa mke wa Twaha, akaambiwa mdudu aliyekutwa kwenye damu ya Hamadi si wa aina ya wangu. Nikaruka! "Mmesikia? Si wangu!"

Saida akaniangalia kama anayeangalia mtoto aliyejikojolea.

"Baba, wadudu wanapeana. Wako alipoingia tumboni mwa Mzee Hamadi alimpa wa kwake ule ujanja wa kushinda dawa, hata kama si kabila moja. Wa kwake alikuwa anatibika. Wako amemfundisha."

Nikamwambia atoke mbele yangu.

Kinachonikata maini ni Hamadi mwenyewe. Hakuna aliyemweleza. Ananipigia, sauti imebaki uzi: "Ndugu yangu, kopo lako lilinisitiri. Nikifa njoo unioshe, sitaki mkono wa mwingine." Kisha Twaha ananyakua simu anatoka nayo nje. "Utaingia kwangu kwa sharti moja. Upige magoti hapo kitandani, umwambie ulitoka chumbani ulipokatazwa, ukamletea sumu. Bila hivyo hata jeneza hulioni."

Sikutoka chumbani! Hata hatua! Lakini mama yake naye ananipigia kwa siri analia, "Shemeji, nisitiri. Mwenzio nilimwambia ulilileta mwenyewe mlangoni, na Twaha akasikia hivyo. Twaha akijua ni mimi niliyekuja kulichukua hatanitazama tena maisha." Mimi ndiye nitukanwe, yeye aitwe mke mwema.

Nikikubali uongo, Hamadi atakufa akinilaani. Nikisema kweli, atakufa akimlaani mkewe anayemgeuza kitandani. Nikikaa kimya hapa Carrollton, ataoshwa na watu asiowajua. Niingie Houston na maneno gani? Nijibuni nyinyi mliosoma, na upesi, mtu anakata roho.

Na anayesema naongopa, shahidi ninaye. Ni mama yake Twaha, yupo hapo kitandani anamlisha mumewe uji sasa hivi. Muulizeni nani alibisha mlango wa nani.