Dole Gumba Juu ya Shaba

Nilipotoka Kenya kuja kufanya udereva Jeddah, kwenye nyumba moja ya mtaa wa Al-Rawdah, sikujua nitafunzwa sarafu. Bosi wangu, mzee niliyemwita baba, alikusanya sarafu za majaribio za Marekani ya zamani: zile zilizopigwa chache tu ili wakubwa wazitazame kabla ya kutengeneza za kutumika. Nyingi zilikataliwa. Mimi niliona ni wazimu wa mtu asiye na shida, na nikamwambia hivyo. Alicheka mpaka akakohoa.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya shaba, yenye kichwa cha mwanamke, nywele zikipeperuka. Macho yake yalipofifia, nilimshikia na kumweleza kila mstari.

"Shika ukingoni," alisisitiza. "Jasho la kidole linakula shaba."

Kisha macho yakaisha kabisa, na kumbukumbu nayo ikaanza kumtoka. Asubuhi moja aliniomba sarafu ile, akaweka dole gumba juu ya uso wa yule mwanamke, akaupapasa polepole. "Nimemwona," akasema. Nilipaswa kumzuia. Sikuweza, mwaka mzima sikuwa nimemwona akifurahi hivyo. Miezi miwili baadaye alama nyeusi ya dole ilikuwa imejichora shavuni mwa yule mwanamke. Baba alikuwa ameshasahau. Kila Ijumaa aliuliza, "Bado iko safi?" nami nikajibu, "Safi, baba."

Ikafika siku akataka rafiki yake wa Riyadh, mkusanyaji mwenzake, aione. Nilitoa visingizio vyote: gari bovu, joto, mgongo wangu.

"Halas, yalla," akasema, yaani basi, twende. Tukaenda.

Rafiki yule aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akaguna. "Nani ametia kidole hapa?"

Baba aligeuza uso upande wangu, akingoja nikatae. Ningeweza kusema ukweli. Angejua kwamba kitu alichokipenda maisha yake yote amekiharibu kwa mkono wake mwenyewe, na hata hakumbuki.

"Ni mimi, baba."

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Wewe? Nilikufundisha mwenyewe." Moyo wangu ulivunjika pale pale, na hadi leo haujapona.

Miaka sita alikuwa akikaa kiti cha mbele, tukipiga gumzo. Siku ile ya kurudi Jeddah alitafuta mlango wa nyuma kwa mkono, akaufungua, akaketi huko.