Msumeno wa Kuvuta na Mlango wa Jirani

Siku ile tulikuwa uani sisi sita: mimi, dada zangu wawili, mdogo wetu wa mwisho, mjomba aliyetoka Kasugho, na jirani yetu dereva, Mwislamu anayeleta mizigo Butembo kutoka Kasindi. Wa saba alikuwa mama, chumbani, chini ya kitenge. Baba tulikuwa tumemzika zamani.

Mji ulikuwa ville morte, mji uliogoma. Vijana walifunga barabara, maduka hayakufunguliwa, na karakana niliyojifunzia useremala tangu nilipoacha shule ilikuwa na kufuli. Hapakuwa pa kununua sanduku la kumzikia mama wala ubao. Jirani aliingia kwake, akatoka na mbao alizoweka kwa ajili ya mlango wa nyumba yake.

"Kamata. Mulango itangoya," akasema, yaani ungesubiri.

Nilipozipima niliona zinatosha sanduku moja tu, bila kosa. Nyumbani nilikuwa na msumeno mmoja, wa Kijapani, ambao jirani huyo huyo aliniletea kutoka kwenye mitumba ya mpakani: mpini mrefu kama fimbo, bamba jembamba, meno yanayokata unapovuta. Hula ubao kidogo, haupotezi mbao. Mjomba aliuchukua mkononi mwangu, kwa kuwa hakutaka mtoto amkatie mama yake sanduku. Akausukuma kama alivyozoea. Bamba likajikunja, meno kadhaa yakavunjika.

"Musumeno gani hii? Ya kukata mukate?"

"Vuta, muzee, hapana sukuma," jirani akamwambia. "Hata gari za Wajapani usukani iko kuume, na tunafika."

Mjomba akacheka kidogo, kisha akalia. Nikalinyoosha bamba juu ya goti langu. Hatukuwa na meza ya kazi, na msumeno huo unataka ukanyage ubao, la sivyo ubao unaufuata mkono. Nilipoinua mguu, mjomba akanishika.

"Hapana kanyaga nyumba ya mama yako!"

"Yaya, tutashika sisi," akaniambia dada anayenifuata, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao.

Wadogo zangu wakapiga magoti wote watatu, wakaukandamiza ubao kwa viganja. Kila nilipovuta msumeno, niliwavuta na wao. Sikuwatazama usoni; nilitazama mstari. Unga wa mbao ulikaa kwenye nywele zao hadi tuliporudi kutoka makaburini.

Sanduku lilitosha. Tulilibeba mabegani, maana hata gari la jirani lisingepita.

Tangu hapo wadogo zangu hapa Butembo hawana mwingine ila mimi. Ubao mzuri hutoka msitu wa upande wa Kasugho, na siku hizi njia ni ya hofu, haufiki ovyo. Ninaoupata naufanya vitanda vya watu, ili wao wasitoke shuleni kama mimi. Jirani hajaniuliza habari ya mbao zake hata mara moja. Mvua ikija na upepo, namwona mke wake akilibana turubai kwa matofali mahali pa mlango. Anaponiona ananisalimu, nami naitika. Mlango huo bado ni deni langu.