Mpaka Igonge, Kisha Urudishe

Fundi yule wa magari ya zamani, watu walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio. Kuseti moto wa injini hakuhitaji taa wala kipimo. Analegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, anaizungusha ili moto utangulie, kisha anapanda na gari kile kilima cha nyuma ya gereji. Injini ikianza kugonga, ule mlio mwembamba kama wa shanga zilizomwagwa kwenye sinia, anajua amepitiliza. Anasimama, anarudisha unene wa ukucha, basi. Mkewe aliyeuza vipuri kwenye kibanda cha mlangoni alilala na kuamka na sheria hiyo: mpaka igonge, kisha urudishe.

Siku hiyo dereva wa teksi alirudi kwa mara ya tatu, amevimba.

"Sikio, gari linachemka kama sufuria. Linagonga, halivuti!"

"Mafuta mabovu hayo. Mnanunua ya madumu, kisha mnakuja kunililia mimi."

"Nimebadilisha vituo mpaka vimeniishia!"

Mke akaangua kicheko. Sikio hakucheka. Alichomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kile kikopo cha hewa ubavuni mwa distribyuta, kinachovuta moto mbele dereva akikanyaga mafuta kidogo. Akaunyonya, akauziba kwa ulimi. Ulimi ukanata.

"Kizima, hakivuji." Akafungua kifuniko, akakagua platini, vile vidole vya kukata na kuunga umeme. Safi. "Basi ni moto tu." Akazungusha distribyuta mbele kidogo. "Twende kilimani. Na wewe mama, panda, uje umwone jamaa huyu akiaibika."

Hawakufika nusu ya kilima. Zile hazikuwa shanga, ilikuwa ndoo nzima ya misumari. Dereva akafumba macho. Mke, kiti cha nyuma, alikitazama kisogo cha mumewe akingoja asimamishe gari. Sikio akazidi kukanyaga, anatabasamu.

"Mnaona? Kimya. Tena bado ina nafasi ya kusogea."

Mke akaelewa. Kumbe ndiyo maana. Mumewe alikuwa anazungusha mbele, anangoja mlio usiomfikia, kwa hiyo harudishi. Magari yote yaliyorudi tangu mwaka jana, na wenyewe aliowatukana yeye kwa mdomo wake kumtetea!

Juu ya kilima Sikio alishuka kufungua boneti.

"Shemeji, mwambie wewe," dereva akasema. "Mimi siwezi. Kanitengenezea gari tangu nina nywele."

Wateja waliuogopa mdomo wa mwanamke yule. Haukuwahi kukosa la kusema. Akaenda akasimama mbele ya mumewe, uso kwa uso.

"Inagonga, mume wangu."

"Nini?"

"Inagonga. Imegonga tangu kule chini."

Sikio akamgeukia dereva. Dereva akaangalia viatu vyake. Fundi akaweka mkono juu ya distribyuta, akauacha hapo kitambo, kama anayegusa paji la mgonjwa.

"Basi mimi narudisha," akasema. "Wewe uniambie."

Wakashuka, wakapanda, wakashuka tena. "Bado," mke anasema. "Bado kidogo." Mpaka gari likapanda kilima bila kelele, naye akamgusa bega: hapo. Dereva akaondoka na gari lake, na safari hii hakulalamika.

Gerejini Sikio alikaa juu ya tairi bovu, anafuta spana iliyokwisha takata.

"Mke wangu, uliacha kuimba lini?"

Mke akamkodolea macho. Zamani, kila akiimba kwa ile sauti yake nyembamba, mume alikuwa akimpigia kelele: "Zima hiyo redio mbovu!" Tangu mwaka jana hakumkemea tena. Naye, mjinga yeye, akadhani hatimaye sauti yake imependwa, akazidi kuimba.

"Nilitaka kukuuliza," Sikio akasema, "nikahofia ni yale matani yangu yaliyokuudhi."

Asubuhi ile ile alikuwa ameimba anaosha vyombo, mume yuko nyuma yake na kikombe cha chai.

Ukweli mmoja kwa siku moja ulimtosha mumewe. Akachuchumaa mbele yake ili mume aione midomo yake.

"Niliacha zamani," akasema. "Sauti ilinikauka."